Barua Hii Usiilaze Kwenye Mto

Rehema, mama,

Marahaba. Naitika mapema, maana najua shikamoo yako iko njiani na mimi subira sina. Ukiona bahasha yenye mwandiko wangu usishtuke. Hakuna aliyekufa. Presha yangu iko palepale, dawa nameza, na lile koti ulilonichagulia navaa hata ndani ya nyumba, kwa sababu hita ya ghorofa hii unaijua tabia yake. Wewe unakula? Uliniambia huko Dublin mvua hainyeshi, inakaa tu hewani inakungoja. Basi vaa kofia. Homa huingilia kichwani.

Nimekuandikia kwa penseli makusudi. Uliniambia humo unamosomea nyaraka kalamu ya wino haivuki mlango. Hii wataiacha ipite. Na nimeandika kwa Kiswahili, usiniambie huwezi. Mtoto anayesoma mwandiko wa inspekta wa polisi aliyekufa zamani za mababu, mwandiko uliolala chali kama mpunga baada ya mafuriko, hashindwi na mwandiko wa mama yake wa darasa la nne. Mimi angalau maneno yangu nayaachanisha.

Sasa nikuambie, maana kwenye simu nimeshindwa. Nina wivu, mwanangu.

Nimelizungusha neno hilo wiki nzima kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nikikunja mashuka. Mwisho nikamwambia Mama Kulwa wa kwaya, ambaye huwa anashika ncha ya pili ya shuka. Akaniuliza, "Wivu wa nani? Mtoto kapata mchumba?"

"Angekuwa mchumba ningemmaliza kwa pilau. Ni wafu."

"Wafu gani?"

"Wafu wa Ayalandi."

Alicheka mpaka shuka likagusa sakafu, tukalazimika kulirudisha kwenye mashine. "Mama Rehema, umekosa wa kugombana naye mji mzima huu wa Scarborough, unagombana na makaburi ya Wazungu!" Eti. Basi ndiyo, nagombana nayo.

Unakumbuka siku ile chuoni, kabla hujaondoka, ulipopanda mbele kuwaeleza watu kazi yako? Nilivaa kile kitenge cha samawati, nikabeba vitumbua kwenye bakuli la mfuniko, maana mtoto wangu anazungumza mbele za watu, siwezi kwenda mikono mitupu. Nilipofika sikuona pa kuliweka. Nikalipakata magotini, safu ya pili, na iliki yake inanukia hadi nyuma.

Ulieleza vizuri. Hata mimi, Kiingereza changu cha kazini, nilifuata. Ulisema miaka ile ya zamani kule Ayalandi polisi na mahakimu wa wilaya waliiandikia serikali kila kukicha, barua zikaenda kwenye ngome ya Dublin. Huku kuna ghasia. Majani ya bwana fulani yamechomwa moto. Mnada umeishia kwa marungu. Mlango wa mtu umepigiliwa karatasi ya vitisho. Tuleteeni askari zaidi. Na wakubwa wa ngome wakasoma, wakageuza karatasi, wakaandika amri yao mgongoni. Zote zimetunzwa, hata zile ambazo mkubwa hakuandika kitu zaidi ya kwamba iwekwe kando.

Kisha ukatuonyesha yule mjane wako. Polisi walikwenda kumkamatia ng'ombe wake kwa sababu ya kodi ya shamba, naye akawamwagia maji ya moto ya viazi, na majirani wakatoka na mawe. Hakimu akawalalamikia wakubwa kwamba kijiji kile wanaume wana nafuu, wabaya hasa ni wanawake. Ukumbi ukacheka. Halafu ukamulika ukutani karatasi ya maombi ya mjane mwenyewe, aliyoandikiwa na mtu mwingine, na chini yake alama ya msalaba aliyoitia kwa mkono wake kwa kuwa hakujua kuandika. Ukasema, "Bila barua za polisi tusingejua kwamba mwanamke huyu aliwahi kuishi." Na sauti ikakukatika. Ukanywa maji.

Mimi niliona. Mama huona. Nikajiuliza pale pale, na bakuli langu magotini: huyu mtoto, sauti iliwahi kumkatika kwa ajili ya mama yangu? Naye hakujua kuandika. Naye alitia dole gumba. Naye alikuwa mjane. Naye hakimu angemwona angesema ndiye mbaya hasa. Lakini hapakuwa na mkubwa aliyechukua karatasi nzuri akaiandikia ngome yoyote habari za mama yangu. Sasa ili mjukuu amlilie, ilibidi kwanza achukiwe na polisi mwenye mwandiko?

Nisamehe, nakimbia mbele. Yule mzee wa nywele nyeupe alipokuuliza habari hizi ulizianzia wapi, ukasema zilianzia kwenye somo la mwaka wa pili, mwalimu fulani aliwapa barua moja mkaisoma darasani. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikatazama vitumbua vyangu. Ningekuwa na ujasiri wa kuinua mkono ningesema, hapana baba, zilianzia ghorofa ya saba, jikoni kwangu.

Ulikuwa darasa la tatu. Jumatano, umekaa chini ya meza unapaka rangi ramani, ndiko ulikopenda kufanyia kazi zako za shule. Mimi nachagua maharage. Nikasikia lifti, nikasikia viatu vizito, nikaenda kwenye kitundu cha mlango. Kofia mbili. Polisi. Walikuwa wanapita mlango kwa mlango kuuliza nani kaona aliyevunja kioo cha gari kule chini, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye. Mkono wangu haukuniuliza. Nilijikuta niko jikoni, nimekamata mchi, natwanga. Ko! Ko! Ko! Kile kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu, nilichokileta kwenye sanduku nikaacha viatu.

Ukatoa kichwa chini ya meza. "Mama, hamna kitu ndani."

"Nyamaza."

"Lakini hamna k—"

"Rehema!"

Natwanga. Na wale polisi, badala ya kuanza na mlango ulio karibu na lifti, wakaruka milango yote wakaja moja kwa moja kwetu, maana ndiko kulikokuwa na kelele! Nikafungua, mchi mkononi. Yule mrefu akaniuliza kama mambo ni salama, mimi Kiingereza chote kimenikimbia. Wewe ukasimama mbele yangu, rangi ya kijani puani, ukamwambia kwa utulivu, "Anapika."

Akachungulia kinuni. "Anapika nini?"

"Bado hajaamua."

Alicheka yule polisi mpaka akashika ukuta. Akakupa stika yenye nyota, ukaibandika kwenye jokofu. Nilipobadilisha jokofu niliibandua kwa kisu cha siagi nikaihamishia kwenye jipya. Ncha moja imechanika, lakini ipo.

Jumamosi yake, nikikusuka, ukaniuliza kwa nini nilitwanga hewa. Ndipo nikakupa habari za bibi yako. Kwamba mume alipokufa alipika gongo ili wajomba zako wasome. Kwamba karibu kila nyumba ya mjane kijijini ilikuwa na mtungi wake, na polisi walikuja bila hodi. Kwa hiyo wanawake waliwekeana taratibu. Wa kwanza kuwaona haiti, hakimbii, hatumi mtoto. Anakwenda kwenye kinu chake anakitwanga kitupu. Kinu chenye nafaka hutoa mlio mzito, uliomezwa. Kitupu hutoa mlio mkavu, mti kwa mti, unausikia hadi kwenye meno. Nyumba ya pili ikisikia inapokea, ya tatu inapokea, mpaka kule chini mtoni. Polisi wakifika katikati ya kijiji, mitungi imeshalala kwenye mtama, na wanawake wote wanatwanga, na hakuna pumba hata moja inayoruka.

Ukaniuliza, "Na polisi hawakujua?"

Nikakuambia, "Wangejuaje? Hawajawahi kutwanga."

Ulicheka mpaka msuko mmoja ukafumuka. Na tangu hapo kila Jumamosi, nikishika tu kitana, "Mama, ile ya kinu." Nikijaribu ya sungura unakataa. Nikifupisha unanirudisha: "Hujasema ya pumba." Miaka hiyo nilifanya kazi mbili, nikirudi miguu imevimba kama mikate, lakini Jumamosi ilikuwa yetu, wewe katikati ya magoti yangu na kichwa chako mkononi mwangu, na mama yangu anatwanga kati yetu.

Sasa turudi huko uliko.

Ulipokwenda, nilijiambia ni wafu tu, wafu hawachukui mtoto wa mtu. Halafu ukanieleza jinsi mnavyozisoma barua zao. Kwamba kila moja huletwa na mtu kwa mikono miwili, inalazwa juu ya mto, ndiyo, mto kabisa kama wa kulalia, na kuzuiliwa kwa kamba nzito iliyoshonwa kama shanga za kiunoni, ili isijikunje wala kuumia mgongo. Ulikuwa unanieleza kwa furaha. Mimi nimesimama jikoni na mgongo wangu huu wa mashuka, nikasema moyoni, hata mimi ningetaka kulazwa hivyo.

Akaja na aliye hai. Bi Maureen, mwenye nyumba wako. Mkate wa Bi Maureen, skafu ya Bi Maureen, Bi Maureen alivyokupeleka mwenyewe kwa daktari wa meno. Namshukuru, Mungu ananiona, nilikuwa silali kwa lile jino lako. Lakini ulisema, "Mama, huku yeye ni kama mama kwangu." Hilo "kama" nililishika kwa mikono miwili, kama ninavyoshika chuma cha basi asubuhi za barafu. Ungeliondoa ningeanguka.

Na unakumbuka ile Jumapili alipotokea kwenye skrini, kichwa cheupe kama pamba, mwanamke wa kunizaa mimi, akapunga mkono akasema, "Shikamoo, Mama Rehema!" Wewe ulikuwa umemfundisha, ukasahau kumwambia nani humwamkia nani. Mtu mzima vile ananiamkia mimi! Adabu ilitaka nimgeuzie haraka, nimwambie hapana bibi, shikamoo yako wewe. Nikaitika, "Marahaba!" Tena kwa kuivuta. Wewe ukajifunika uso kwa mikono. Yeye alifurahi sana. Na mimi nilifurahi, kwa sababu zangu.

Basi Jumapili iliyopita. Nimetoka kanisani, maharage yako motoni, ukapiga. Ulikuwa unahema. Umepata barua mpya, inspekta anawalalamikia wakubwa kwamba kila akipanda milimani kutafuta mitambo ya pombe ya magendo, wanawake wanapuliza pembe, kilima hadi kilima, na akifika hakuti hata tone. "Umesikia, Mama? Kilima hadi kilima!"

Nilipiga ukelele wa furaha. Nikasema, "Kama kinu cha bibi yako!"

Ukasema, "Kinu gani?"

Nikangoja ukumbuke. Nyuma yako sauti ikaita kwamba chai inapoa. Ukamjibu unakuja. Ukaniambia, "Subiri, Mama, kuna jambo kubwa zaidi," ukanieleza kwamba umepewa nafasi ya kubaki huko, miaka mitatu mingine, na wanataka jibu mwisho wa mwezi. "Unasemaje?"

"Kama ni riziki yako, sawa."

"Sawa ya kweli?"

"Sawa, mama."

"Nakupenda," ukasema, ukaenda kunywa chai.

Maharage yaliungua. Sikuyaona. Nilichukua kile kinu nikakiweka katikati ya meza nikatwanga, kitupu, mchana kweupe, na nguo zangu za kanisani. Ko. Ko. Ko. Nilikuwa nimeona mtu anakuja kukuchukua, na mkono wangu hujua jambo hilo moja tu. Nilitwanga huku nasikiliza, Rehema. Kule kwetu ukitwanga hivyo, kabla hujahesabu pumzi mbili nyumba ya pili imepokea. Nikasikiliza ukuta, nikasikiliza korido. Mwisho ikaja sauti kutoka chini: yule baba wa ghorofa ya sita anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Nikacheka peke yangu, halafu sikucheka tena.

Neno lililoniuma si miaka mitatu. Watoto huenda, hata mimi nilikwenda, na mama yangu alibaki na kinu kikubwa mimi nikaondoka na kidogo. Lililoniuma ni hilo la "kinu gani". Pembe za wanawake wa Ayalandi unazisikia hadi leo, na zimenyamaza tangu enzi hizo. Kinu kilicholia juu ya kichwa chako mwenyewe kimekutoka. Kwa sababu hakuna inspekta aliyekilalamikia? Basi nimekiandika mimi. Humu kimo. Na waandikie hao wakubwa kwamba hata kwetu wabaya hasa ni wanawake.

Nimekaa siku hizi namfikiria yule mjane. Nilitaka kumchukia nikashindwa, maana kila nikianza naona ng'ombe. Hujaniambia mwisho wake. Walimrudishia? Ulisema karatasi yake ya maombi ilifika ngomeni, mkubwa akaigeuza, akaandika mgongoni iwekwe kando. Sasa yeye alijua? Au alikaa mlangoni anatazama njia, wiki hii, wiki ijayo, anafikiri labda farasi wa posta amechelewa? Nilipofika hapo wivu ukanipungua kidogo. Sikusema umekwisha. Umepungua. Nikaona yeye na mimi tungeweza kushika shuka moja, yeye ncha hii, mimi ncha ile. Mtunze. Anayengoja jibu anastahili mtu wa kumsoma, hata kama amechelewa.

Lakini yeye ulimkuta ameshakufa, hukuwa na la kumjibu.

Sikuandikii kukuita urudi. Wala sikuandikii kwamba baki. Ile "sawa" ya Jumapili naifuta, haikuwa ya kweli, na ya kweli bado sijaipata. Ukiona riziki yako iko huko, baki, nitanunua tiketi nije nimwone huyo Bi Maureen, na safari hii nitamwamkia mimi kwanza, kwa heshima zote, nimwonjeshe na vitumbua. Ukirudi, kitanda chako nimekitandika mashuka ya flana. Ila kabla hujawajibu wao, nijibu mimi.

Ukimaliza kusoma, usiilaze barua hii kwenye mto. Mto ni wa wale. Ikunje, itie mfukoni mwa koti, iloane na hiyo mvua yenu isiyonyesha, imwagikie chai. Haitavunjika mgongo. Na karatasi ya mwisho nimeandika upande mmoja tu, nyuma nimekuachia peupe pote. Huko ndiko wakubwa walikoandikia amri zao. Andika na wewe unachotaka, kwa Kiingereza chako kama Kiswahili ni kizito, nitaisoma nikifuata kwa kidole. Lolote nitalipokea. Neno la kuniweka kando tu ndilo usiniandikie.

Nakutwangia, mwanangu. Pokea.

Mama yako,
wa nyumba ya kwanza